Mkono Ulioagiza Chapati Mbili

Sasa, vijana wa rangi.

Mliniomba nije niwaongeleshe kuhusu kazi, nikasema sawa, halafu nikaanza kutafuta sababu ya kukosa. Mnisamehe. Mdomo wangu ni mzito tangu shule. Pale sekondari nilikuwa yule msichana anayejua jibu lakini anaomba Mungu mwalimu asimwangalie. Nikifika nyumbani, Lindi ya Kibera, ndipo nilikuwa nayaandika yote kwenye daftari, majibu pamoja na maneno makali ambayo sikuweza kumrudishia mtu. Kwa hivyo badala ya kusimama mbele yenu nikitetemeka, nimewaandikia. Someni huku mkikoroga rangi. Mkiona nimeruka kutoka hapa hadi pale, msinitafutie mpangilio. Kazi yenyewe sikuifanya kwa mpangilio.

Nilikuwa mtundikaji wa picha. Mnacheka, najua. Hata mama yangu alicheka. "Umesoma hadi Form Four ndiyo uende kupigilia watu misumari?" Yeye aliuza omena, vile visamaki vikavu, Kisumu Ndogo pale pale Kibera, na wateja wakimuuliza Nafula anafanya nini siku hizi, alijibu, "Yuko ofisi." Ofisi yenyewe ilikuwa nyundo, koleo na waya, ndani ya mfuko wa unga.

Wacha nianze na mabati, kwa sababu juzi nilipita hapo kwenu nikaona mmekosea. Ukuta wa mabati unatoka jasho. Baridi ya asubuhi ikikutana na pumzi za watu, maji yanateremka, na picha iliyoegemea bati inayanyonya mgongoni bila wewe kujua. Weka kipande cha mbao nyuma ya kila pembe ya fremu ili hewa ipite. Na usipigilie bati lenyewe, tafuta mbao inayolishika. Bisha kwa kidole. Penye sauti ya debe, wacha. Penye sauti nzito, piga. Kisha tumia misumari miwili, si mmoja. Picha ya msumari mmoja, lori likipita nje inainama, lingine likipita inainama zaidi, na ukifungua mlango asubuhi unakuta watu wote kwenye picha wamelewa.

Hayo nilifundishwa na Mama Mwende wa Kawangware. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa Mkamba wa Kitui, mfupi, mwembamba, mwenye mikono ya seremala. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, kati ya fundi wa welding na dada mmoja aliyepika chapati. Yeye alitengeneza fremu na kuvuta kitambaa juu yake, tayari kwa mchoraji. Zile turubai za ng'ambo hatukuziweza, kwa hivyo tulitumia merikani, ile nyeupe ya kawaida. Wachoraji wa Nairobi nzima walikuwa wakimjia, hata wale wa kuvaa kofia za kulala kichwani mchana.

Nilienda kwake kuomba kazi na sikuweza kusema nilichotaka. Nilisimama hapo nikiangalia misumari mpaka akaniuliza, "Wewe msichana, unanunua ama unahesabu?" Nikasema nahesabu. Akaniambia, "Basi hesabu ukiwa umeshika hii," akanipa upande mmoja wa kitambaa nivute.

Kitambaa kinavutwa hivi. Kwanza unakiosha kwa maji moto na unakianika kikauke kabisa. Unaanza katikati ya kila upande, sio pembeni: msumari huku, unavuka upande wa pili, unavuta, msumari. Halafu unaendelea kidogo kidogo kuelekea pembe, na pembe ni za mwisho. Ukianza na pembe umejimaliza, kitambaa kitakaa kama uso wa mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Kisha gundi ya mbao iliyopunguzwa na maji, nyembamba kama uji wa mgonjwa, kisha chokaa na rangi nyeupe ya nyumba.

Kuosha ndiko watu hukataa. Kulikuwa na kijana wa Kisumu Ndogo, Ouma, mchoraji mzuri sana, lakini haraka zake! Alinunua merikani akaivuta bila kuiosha, akapaka gundi, akaenda zake kupiga stori. Gundi ilipokauka kitambaa kilijivuta, na fremu ikapinda hadi pembe moja ikainuka hewani kama mguu wa mbwa. Alituletea ameibeba kwa mikono miwili kama mtoto mgonjwa. Mama Mwende aliizunguka, akaitazama vizuri, akasema, "Ouma, picha yako inataka kukojoa. Itoe nje."

Miaka yote hiyo Mama Mwende hakuwahi kuchora chochote. Mtu akimwambia ajaribu, alisema, "Mimi ni wa mgongo wa picha. Mbele ni kwenu." Na kweli, ukigeuza picha za watu wengi wa wakati ule, nyuma kwenye mbao utaona herufi M imekwaruzwa kwa msumari. Mbele hakukuwa na alama yake hata moja.

Sasa niwapeleke kwenye ile ya mkono, maana ndiyo mnayoisikia nusunusu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Vyama vingi vilikuwa vimerudi lakini woga ulikuwa bado haujafungasha. Nyinyi hamuwezi kuelewa, siku hizi mnainua mkono mnavyotaka. Wakati ule kidole kimoja kilikuwa salamu ya chama kile kikubwa, na vidole viwili vilikuwa vya wale wa vyama vingi. Kwa vidole viwili mtu angeweza kupanda Land Rover ya polisi. Ukimsalimia rafiki ng'ambo ya barabara, uliangalia kwanza mkono wako umekaaje.

Ndipo ukaja mpango wa wachoraji wa nchi mbalimbali. Walikubaliana kuchora pamoja kuhusu watu wanaokataa kunyamazishwa. Kitambaa kinaanzia mji mmoja, wachoraji wa hapo wanaweka chao, kinasafiri hadi mji mwingine na wale nao wanaweka chao, na kila kinapofika kunafanywa maonyesho. Sheria ilikuwa moja: unaongeza, hufuti. Hata kama cha mwenzako kinakuuma macho, hufuti. Kikifutwa kitu, kitambaa kimetoka kwenye mpango.

Kitambaa chetu kilitoka Johannesburg. Kililetwa na mchoraji wa huko, Thandi, mama wa makamo, kicheko kikubwa, hasira nayo haiko mbali. Alikibeba kimeviringishwa begani kama mkeka. Kilikuwa kionyeshwe kwanza Kawangware, kwenye ukumbi wa kanisa, kisha kwetu Kibera, halafu kiendelee Brazil. Tulipokifungua tuliona miguu tu. Miguu mingi ikikimbia kwenye vumbi, mingine na viatu, mingine bila, na juu yake peupe.

"Huku juu nimewaachia nyinyi," Thandi alisema. Alisema kwa Kiingereza, na mkalimani ni mimi. Hebu fikirieni, mtu wa mdomo mzito ndiye mkalimani.

Ouma na wenzake waliongeza vyao. Mmoja akaweka mlango wa mabati, mwingine akaweka redio, Ouma akaweka mwanamke amebeba karai lililojaa maji ambayo hayamwagiki ingawa anakimbia. Mama Mwende, aliyekuwa amekivuta kwenye fremu yake, alikuwa anakaza pembe moja iliyolegea. Thandi akamnyooshea brashi.

"Mwambie na yeye aongeze."

"Mwambie mimi ni wa mgongo," Mama Mwende akasema.

"Mwambie mgongo nimeuona, ni mzuri kuliko picha. Sasa nataka kuona mbele."

Sikujua Mama Mwende angeweza kuona haya. Alipangusa mikono kwenye leso, akapangusa tena, akachukua brashi. Alichora mkono. Alitumia alasiri yote kwa mkono huo mmoja, akiangalia wake wa kushoto kama kielelezo. Mkono ulioinuliwa juu ya miguu yote ile, kucha zimekatika, gundi imekauka kwenye kiganja, na vidole viwili vimesimama.

Ouma alipiga mluzi. "Mama! Umetuingiza siasa!"

"Siasa gani? Huyu anaagiza chapati. Hujaona pale kwa jirani vile watu huagiza? Welding inapiga kelele, hakuna anayesikia mwingine. Unasimama ng'ambo, unainua mkono, unaletewa mbili."

Ilikuwa kweli. Kila siku saa ya chai tuliagiza hivyo hivyo. Thandi akaniuliza amesemaje, nikamwambia, naye akacheka mpaka akakaa chini. Halafu Mama Mwende akachukua brashi nyembamba kabisa, akaandika M kwenye kona. Mbele.

Kufanya mkutano wa watu kulihitaji laiseni, na picha zenye wageni ndani yake zilihesabiwa kuwa mkutano. Kwa hivyo Chifu alikuja kukagua kabla ya kufungua, na askari wawili nyuma yake. Hakuwa mtu mbaya, nawaambia ukweli. Alikuwa mnene, mpole, na alitembea kama mtu ambaye viatu vinambana. Alizunguka ukumbi akisema "vizuri, vizuri" mpaka akafika kwenye mkono. Hapo akasimama.

"Huu ni mkono wa nani?"

Tukaangaliana. Mama Mwende akasema, "Ni wangu, Chifu."

"Mama Mwende. Wewe ni mtu wa misumari, nani amekuingiza haya?"

"Hakuna. Ni mteja anaagiza chapati."

Chifu aligeuka akawaangalia askari wake, akarudisha macho. "Mama, mimi si mtoto. Kunja kidole kimoja. Kikibaki kimoja nitaweka sahihi hata saa hii."

"Sheria ya kitambaa ni hatufuti."

"Na sheria ya serikali?" Alisema bila kupandisha sauti. "Mimi pia nina wakubwa. Wakija hapa wakute hiyo, hawatamuuliza mteja wa chapati, wataniuliza mimi. Halafu mimi nikuulize wewe, na hicho kibanda chako kiko kwenye barabara ya serikali." Akavaa kofia. "Nitarudi kesho mchana. Kama hiyo ni chapati, mbona siioni chapati yenyewe?"

Akaondoka. Mambo yalikuwa wazi. Mama Mwende akikunja kidole, kitambaa kinatoka kwenye mpango na kazi ya watu wa nchi nzima ya mbali inaishia Kawangware. Akikataa, maonyesho hayafunguliwi, na kibanda kinaweza kuamkia chini. Na ule mkono ndio kitu cha pekee alichowahi kuchora.

Baada ya kitambo Mama Mwende akasema, "Amesema haoni chapati. Basi nitamwekea chapati."

Nilimtafsiria Thandi, nikafikiri atacheka tena. Hakucheka. Alisimama akaanza kuzungumza haraka mpaka nikashindwa kumfuata. Alisema kwao watu walifungwa kwa picha ndogo kuliko hiyo. Alisema yule mtu akisema "weka chapati" na chapati ikawekwa, basi yeye ndiye amechora, amechora kwa mkono wa Mama. "Leo chapati, kesho atataka sahani. Mwambie! Mbona humwambii?"

Nilikuwa nimenyamaza kwa sababu nilimwona ana haki. Na nilimwona Mama Mwende naye ana haki. Mtu akiwa katikati ya lugha mbili anaumia pande zote. Mwishowe nikasema yote, hata ile ya sahani.

Mama Mwende alinisikiliza huku akikoroga rangi ya kahawia. "Mwambie yeye ndiye alileta sheria. Tunaongeza, hatufuti. Mimi kidole sikunji. Lakini hakuna mahali imeandikwa kwamba nikiongeza niombe ruhusa kwa hasira ya mtu."

"Mama," nikamuuliza, kwa Kiswahili, polepole, hiyo haikuwa ya kutafsiri, "kusema ukweli, huyo mtu anaagiza chapati ama anaagiza vyama?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Nafula, kwani hao ni watu wawili? Ni mtu mmoja. Amechoka kuletewa moja."

Hiyo nilimtafsiria Thandi bila kuulizwa. Aliutazama mkono ule. Kisha akasogea, akasimama karibu na Mama Mwende kumwangalia akifanya kazi.

Mkitaka kuchora chapati, vijana, msianze na kahawia. Mama Mwende alianza na manjano hafifu, duara lisilo kamili, kwa sababu chapati iliyo duara kamili imetoka kwa mashine. Kisha akakunja kitambaa kikuukuu, akakichovya kwenye kahawia, akakipangusa mpaka rangi karibu iishe, ndipo akakigusisha hapa na pale, bila kufikiri sana, kama vile moto wenyewe haufikiri. Zile tabaka za pembeni alizikwaruza kwa ncha ya msumari. Chapati mbili, chini ya mkono, kwenye sahani ya bati. Fundi wa welding alipoingia kutuangalia alisema anasikia njaa. Thandi akachukua brashi, akasita, akaongeza mvuke ukitoka juu yake. Hakusema amekubali. Aliongeza tu mvuke.

Chifu aliporudi alisimama mbele ya kitambaa akiwa ameshika mikono nyuma. Aliangalia vidole. Aliangalia chapati. Aliangalia vidole tena.

"Hizi ni chapati," akasema.

"Mbili," akasema Mama Mwende.

"Naona ni mbili." Akasaini.

Habari ya chapati ilifika mitaani kabla ya picha kufunguliwa, msiniulize ilifikaje. Siku ya ufunguzi watu walitoka Kawangware yote, wengine walitembea kutoka Kibera, na mama yangu akafunga omena zake akaja na leso mpya kuona ofisi. Watoto wa shule walikuwa wanaingia wakiinua vidole, "Mama, mbili!" Wazee wanaingia, "Mama, mbili!" Wanaume wa jengo, wenye saruji nyweleni, ambao nina hakika hawakuwa wamewahi kuingia maonyesho ya picha, wanainua mikono juu kabisa: "Mbili hapa!" Askari mlangoni walikuwa wanamwangalia Chifu, Chifu anaangalia ukuta, na ukutani kuna chapati. Angemshika nani? Kwa kosa la njaa?

Na chapati zenyewe zilikuwepo, kwa sababu Mama Mwende alisema hawezi kuweka chapati ukutani halafu awape watu chai kavu. Jirani yake alikuwa amepika tangu asubuhi. Mama Mwende alisimama kwenye meza mwisho wa ukumbi na sufuria mbele yake, akigawa, akiuliza kila mtu ngapi, na kila mtu akimjibu kwa mkono.

Chifu alikuwa ameketi safu ya kwanza, kwenye kile kiti chenye mto. Kofia ilikuwa gotini na mkono wa kulia ulikuwa chini ya kofia. Tangu asubuhi alikuwa amekaa hapo akinusa mafuta ya chapati.

"Chifu!" Mama Mwende akaita. "Na wewe ngapi?"

"Mbili," akasema, kwa mdomo tu, midomo ikisogea kidogo.

"Eti?"

"Mbili, Mama."

"Sikusikii, Chifu, watu ni wengi. Onyesha na mkono."

Ukumbi wote ulikuwa umenyamaza. Ungesikia chai ikichemka. Thandi alinishika kiwiko, na kwa hiyo hakuhitaji mkalimani. Chifu aliwaangalia askari wake, na mmoja wao, Mungu ambariki, akageuka akatazama nje kama aliyeitwa na mtu. Chifu akashusha pumzi. Akatoa mkono chini ya kofia, akauinua hadi kwenye bega, si zaidi ya hapo, vidole viwili.

Hakuna aliyecheka. Mama Mwende alichukua sahani safi, akafunua sufuria, akahesabu kwa sauti ambayo hata mtu wa nje aliisikia.

"Moja," akasema. "Na ya pili."